Unyayo uliodondoka baada ya ajali ya bodaboda: miezi 14 ya kuusubiri mshipa wa fahamu (uzi mrefu, wenye tatizo hili karibuni)

#1 Mwalimu wa la Pili (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Februari 2023 nilikuwa abiria kwenye bodaboda, tukateleza kwenye kokoto, pikipiki ikanilalia mguu wa kushoto. Ule mfupa mwembamba wa upande wa nje ukavunjika juu kabisa, chini kidogo ya goti. Nikafungwa hogo kuanzia pajani hadi karibu na vidole, wiki 6. Tangu siku ya pili nilikuwa siwezi kuinua vidole vya mguu ule, nikadhani ni uzito wa hogo. Hakuna aliyeniambia "hebu inua kidole gumba nione", na mimi sikujua kuwa hilo ni jambo la kusema.

Hogo lilipokatwa, unyayo ukabaki umening'inia. Najaribu kuuinua, jasho linanitoka, hautikisiki. Nikaambiwa: "Ni mshipa wa fahamu, utarudi wenyewe, nenda nyumbani ukapumzike." Nikapumzika wiki 7. Hizo wiki 7 zinaniuma mpaka leo, na ndizo zilizonifanya nikae chini niandike.

Maana kauli ile ilikuwa kweli nusu. Mshipa wangu ulirudi wenyewe kweli, hakuna zoezi wala dawa iliyouvuta. Lakini wakati wenyewe uko njiani, mguu unaosubiri unaharibika. Kigimbi kinajikunja, kifundo kinakakamaa, msuli unasinyaa, ngozi iliyokufa ganzi inaungua bila wewe kujua. Nilipompata fizio (mtaalamu wa mazoezi ya viungo) katikati ya Mei, neno lake la kwanza lilikuwa: "Mwalimu, mimi sina uwezo wa kuukuza mshipa. Kazi yetu mimi na wewe ni kuutunza mguu, ili mshipa ukifika ukute mguu bado ni mguu."

Niwaeleze nilivyoeleweshwa. Shika upande wa nje wa goti lako, shuka kidogo, utagusa nundu ya mfupa. Chini yake tu mshipa unazunguka mfupa kutoka nyuma kuja mbele, na pale hauna nyama ya kuukinga, ni ngozi tu. Ndiyo maana unaumia kirahisi kwa kuvunjika mfupa, kugongwa, kubanwa na hogo, hata kukaa kwa kuchuchumaa muda mrefu. Mshipa huo ndio unaoinua unyayo na vidole na kuugeuza unyayo upande wa nje. Ndio pia unaoleta hisia za upande wa nje wa muundi na juu ya unyayo. Ukifa, unyayo unadondoka, na ili usijikwae inabidi unyanyue goti juu sana kila hatua.

Mimi navaa ndala sana. Siku moja nimefika darasani, mtoto akaingia nyuma yangu ameshika ndala yangu ya kushoto mkononi. "Mwalimu, umeiacha getini." Nilikuwa nimetembea uwanja mzima mguu mtupu na sikuhisi.

Fizio alifanya kitu ambacho kilinisaidia kuliko vidonge vyote. Alichukua futi ya fundi cherehani, akapima kutoka pale mfupa ulipovunjika hadi kati ya kidole gumba na cha pili. Sentimita 36. Akasema mshipa ukishaanza kuota unatembea kama milimita 1 kwa siku, sentimita 3 hivi kwa mwezi. Piga hesabu. Nikapiga: siku 360. Nililia, lakini kuanzia hapo niliacha kuamka kila asubuhi nikitegemea muujiza, nikaacha pia kuhama kutoka mganga mmoja kwenda mwingine. Nilikuwa na ratiba.

Nikapelekwa Dar kwa kile kipimo cha umeme cha mishipa na misuli. Wanapitisha umeme kidogo juu ya ngozi, halafu wanachoma sindano nyembamba kwenye msuli kusikiliza kama kuna mawasiliano. Kilionyesha kuna nyuzi chache zilizobaki hai. Kwa hiyo sikuhitaji upasuaji, nikarudi kwenye mazoezi.

Sasa kigimbi. Kwa kuwa hakuna kinachovuta unyayo juu, kigimbi kinauvuta chini mchana na usiku bila mpinzani, na kano ya kisigino inafupika. Nilipopimwa Mei, mguu wangu haukufika kwenye pembe mraba hata ukisukumwa kwa mkono. Zilipungua nyuzi 15 za pembe. Nyuzi hizo 15 zilinichukua miezi 3 kuzirudisha, na hazikuletwa na ajali, zililetwa na kupumzika.

Nilitumia kanga. Unaikunja kama mkanda, unakaa chini mguu umenyooka, unaipitisha chini ya unyayo pale penye nyama karibu na vidole, unavuta taratibu kuja kwako hadi kigimbi kikaze. Unahesabu sekunde 30, unaachia, mara 5. Mimi nilifanya asubuhi, wakati wa mapumziko shuleni, jioni na kabla ya kulala. Kanga isiwe na mkunjo unaokata, kwa sababu juu ya unyayo huhisi. Ukimaliza tazama ngozi.

Na kuna zoezi ambalo wengi huliacha kwa sababu linakatisha tamaa: kujaribu kuinua unyayo ambao hauinuki. Unainua yote miwili kwa pamoja, ule mzima unapanda wenyewe, mgonjwa unaupandisha kwa mkono, huku akili yote umeielekeza kwake. Mara 10, mara kadhaa kwa siku. Wiki 10 nilifanya hivyo, mkono ndio uliokuwa unafanya kazi yote.

Tarehe 24 Julai, usiku, umeme umekatika, nimewasha tochi ya simu nikikagua ngozi kama kawaida. Nikajaribu. Pale mbele ya muundi, kwa pembeni kidogo, kano ikasimama chini ya ngozi kama uzi unaovutwa, ikalala. Unyayo haukusogea hata kidogo. Nikajaribu tena, ikasimama tena. Nikamwita mume wangu aje aangalie kwa sababu niliogopa macho yananidanganya. Akaweka kidole, akasema, "Ipo."

Nitaendelea kesho, mguu umechoka. Maswali ulizeni.

#2 Mzee wa Tiba

Pole sana mwalimu. Mimi mama yangu alikuwa na ganzi ya mguu, tulimkanda kwa maji ya moto yenye chumvi na kumchua kwa mafuta ya nyonyo kila jioni, akapona. Joto linaamsha mishipa. Wagonjwa msidharau vya asili.

#3 Mwalimu wa la Pili

Asante mzee wangu. Kuchua sina ugomvi nako, mama yangu alinichua miezi na kulinifariji. Lakini maji ya moto nakuomba tusiwashauri watu humu. Mama yangu huyo huyo, kwa mapenzi yote, aliloweka taulo kwenye maji ya jikoni akanikanda juu ya unyayo. Yeye anashika taulo na mikono iliyozoea sufuria, mimi sisikii chochote. Asubuhi lilikuwepo lengelenge kubwa kuliko sarafu ya shilingi 200. Kidonda kilichukua wiki 5, na wiki hizo sikuweza kuvaa kifaa cha kushikilia unyayo wala kiatu.

Tangu hapo sheria nyumbani kwangu ni hizi: maji ya kuoga napima kwa kiwiko, mguu ule hausogei karibu na jiko la mkaa, na kila usiku unakaguliwa.

#4 Fizio Kaskazini

Mwalimu, hongera kwa uzi. Mimi ni fizio, naomba niongeze machache.

Watu wanasema "mshipa umekufa" kana kwamba kuna aina moja tu. Fikiria nyaya za umeme ukutani, zimepita ndani ya bomba. Kuna hali ambayo waya haujakatika, umebanwa tu umeme haupiti. Hiyo hurudi ndani ya wiki hadi miezi michache. Kuna hali ambayo waya umekatika ila bomba lipo zima. Hapo kipande cha mbele kinakufa, na waya mpya unaota ukifuata bomba lile lile, ndiyo milimita 1 ya mwalimu. Ya tatu ni bomba na waya vyote vimekatika. Huo hauwezi kujipata wenyewe, unahitaji daktari wa upasuaji auunganishe. Mgawanyo huu aliuandika daktari wa Uingereza, Herbert Seddon, mwaka 1943, wakati wa vita, na mpaka leo ndio tunaoutumia.

Kwa nje miguu yote mitatu inafanana wiki ya kwanza, yote imedondoka. Kipimo cha umeme nacho ukikifanya mapema mno hakitofautishi vizuri, kwa sababu kipande kilichokatwa huchukua muda kufa. Ndiyo maana tunasubiri wiki 3 hadi 4 hivi.

Kuna kipimo cha bure pia. Unagonga taratibu kwa ncha ya kidole juu ya njia ya mshipa, ukianzia chini kupanda. Pale penye ncha changa zinazoota mgonjwa atasikia shoti inayokimbilia vidoleni. Unaweka alama kwa kalamu, unaandika tarehe na sentimita kutoka kwenye mfupa. Mwezi ujao unarudia. Alama ikishuka, mshipa unatembea. Ikiganda pale pale miezi 2 au 3, mpeleke mgonjwa mbele. Mfaransa Jules Tinel alikieleza 1915, kipo kwenye vitabu vyetu vyote.

Kuhusu mashine za kushtua msuli kwa umeme: nazitumia kwa baadhi ya wagonjwa, lakini ushahidi wake kwenye msuli uliokosa mshipa bado unabishaniwa. Mtu akikuambia bila mashine hutapona, usiuze mbuzi.

Na kifaa cha kushikilia unyayo, kile cha plastiki kinachoingia ndani ya kiatu, msikionee aibu. Mafundi wake wanasomea Moshi, pale TATCOT, chuo cha mafundi wa viungo bandia na vifaa saidizi, kwenye viwanja vya hospitali ya KCMC. Nunua raba iliyozidi saizi yako kidogo ili kiingie. Siku za mwanzo vaa saa moja, vua, tazama wekundu. Wekundu usioondoka ndani ya dakika 20, rudisha kifaa kikarekebishwe.

#5 Mama Pacha

Naomba msaada kwa fizio. Mwanangu ana miaka 3, alichomwa sindano takoni akiwa na homa. Alilia tofauti na kawaida, na siku ile ile mguu ukalegea. Sasa ni wiki 6, anaburuza unyayo. Kuna watu wananiambia ni polio, wengine wananiambia karogwa.

#6 Fizio Kaskazini

Mama Pacha, pole. Unavyoeleza, kulia ghafla na mguu kulegea siku ile ile, inaelekea ni mshipa mkubwa unaopita nyuma ya tako kwenda pajani kuguswa na sindano au dawa. Lakini mtoto yeyote ambaye mguu wake umelegea ghafla anatakiwa aripotiwe kituo cha afya, na kama mapema wanachukua choo chake mara 2 kupima polio. Kama hawakufanya hivyo, nenda ukawaeleze leo. Usiogope wakiuliza maswali mengi, ni utaratibu.

Nyumbani: nyosha kigimbi kila unapombadilisha nguo, mfanye ni mchezo. Mkalishe kwenye kigoda, unyayo wote ugusane na sakafu, mrushie mpira. Asitembee peku. Mwombe daktari akuandikie kifaa kidogo cha unyayo, mguu wa mtoto unakua na kano ikifupika mfupa nao unapinda. Ikifika miezi 3 bila dalili yoyote ya kurudi, aonwe na daktari wa upasuaji wa mifupa au mishipa, usisubiri mwaka. Na akihitaji sindano ya msuli tena, omba wachome pajani, mbele kwa upande wa nje.

Hajarogwa.

#7 Fundi Vigae

Mimi niko Mombasa. Nilipiga tiles nyumba nzima siku 4, nimechuchumaa kutwa. Siku ya 5 naamka, mguu wa kulia unapiga sakafu pa pa pa. Nilidhani ni kiharusi. Daktari akagonga pale chini ya goti akaniambia nimeubana mshipa. Nilirudi kama kawaida baada ya wiki 9. Siku hizi nafanya kazi nimepiga magoti juu ya sponji, na kila nusu saa nasimama. Kwa hiyo nilikuwa ile aina ya kwanza ya fizio, waya umebanwa tu. Nashukuru leo nimejua.

#8 Mdau wa Mbagala

Wakuu nimesoma uzi wote mara 2. Mimi nilikatwa na kioo nyuma ya goti mwezi wa 12 mwishoni. Kidonda kilishonwa, kikapona vizuri kabisa, kovu dogo tu. Lakini unyayo umedondoka tangu siku ile na juu ya unyayo sisikii. Nimekuwa natumia sindano za vitamini kila wiki, nimeambiwa mshipa utaamka. Sasa ni karibu miezi 4. Nianze na lile zoezi la kanga?

#9 Fizio Kaskazini

Mdau, kanga anza leo, ila hilo sio jibu lako.

Kitu chenye makali kikipita kwenye njia ya mshipa na mguu ukalegea pale pale, tunachukulia mshipa umekatika mpaka ithibitishwe vingine. Ulitakiwa kufunguliwa na kuunganishwa siku zile zile. Ngozi kupona vizuri hakusemi chochote kuhusu kilicho chini yake. Vitamini hazina madhara makubwa kwa mtu wa kawaida, lakini haziunganishi mshipa uliokatika.

Muda ndio shida. Msuli usiopata mshipa kwa mwaka hadi mwaka na nusu hivi unageuka kuwa makovu na mafuta, hata mshipa ukifika haufanyi kazi. Toa humo miezi ya safari ya mshipa wenyewe kutoka gotini kwenda chini, utaona kwa nini madaktari wanapenda kufanya kazi hii kabla ya miezi 6. Wewe bado uko ndani. Wiki hii nenda kliniki ya mifupa ya hospitali ya rufaa, uko Dar, MOI (taasisi ya mifupa) iko Muhimbili. Waambie maneno haya: nimekatwa, mguu ulilegea siku ile ile, miezi 4 hakuna dalili. Usianze kwa kusema "nina ganzi", utapewa vidonge.

Na hata ukichelewa, bado kuna upasuaji wa kuhamisha kano: wanachukua kano inayofanya kazi upande wa ndani wa kifundo, wanaipitisha mbele ili iinue unyayo. Baada yake fizio anakufundisha upya kuitumia. Lakini wanaihamisha kwenye kifundo kilicho laini tu. Kikikakamaa, hata huo unakuwa mgumu. Kwa hiyo kanga, kila siku.

#10 Mwalimu wa la Pili

Mdau, tafadhali sana nenda. Usifanye kama nilivyofanya mimi kukaa na "itarudi".

Nimalizie niliyoahidi. Baada ya ile kano kusimama Julai, niliingia kosa jingine: furaha. Siku iliyofuata nilijaribu labda mara 100. Usiku ikaacha kabisa, siku 2 hakuna kitu, nikaamini nimeua kila kitu. Fizio akanieleza kuwa msuli uliorudiwa na nyuzi chache unachoka upesi. Unafanya 5 nzuri, ukiona ya 6 inatetemeka unaacha, unarudia baada ya saa 2.

Nilianza kwa kulala ubavu, mguu juu ya mto, ili unyayo uteleze mlalo bila kubeba uzito wake. Madaktari wanahesabu nguvu ya msuli kuanzia 0 hadi 5, na hiyo ilikuwa 2. Novemba nikiwa nimekaa kwenye kiti niliweza kuuinua dhidi ya uzito wake, ndiyo 3. Hapo ndipo tyubu ya baiskeli iliyokatwa vipande ilipoingia, imefungwa kwenye mguu wa meza. Kusimama kwa mguu mmoja nilikuwa nafanya nikiosha vyombo, mkono mmoja karibu na sinki. Kutembea kwa visigino kutoka ubaoni hadi mlangoni, watoto wote wananifuata nyuma na wao kwa visigino.

Maumivu sikuyataja. Hisia zinaporudi zinakuja vibaya, vichomi, moto, shuka likigusa unakunja uso. Nilipewa amitriptyline ya usiku, dozi ndogo, na nilikuwa nasugua juu ya unyayo kwa pamba, wiki iliyofuata kitambaa, halafu taulo, mpaka ngozi ikazoea. Dawa aandike daktari, msijinunulie.

Kidole gumba ndicho cha mwisho. Kimetikisika Machi mwaka huu, mwezi wa 13. Leo nguvu ya kuinua unyayo ni 4. Kifaa navaa safari ndefu tu. Kukimbia bado.

#11 Mdau wa Mbagala

Mwalimu, Fizio, nimerudi. Nimeonwa jana. Wamegonga, wamepima, wamesema inaelekea umekatika, nafunguliwa Jumanne ijayo, huenda wachukue kipande cha mshipa wa hisia kutoka upande huo huo wa mguu kuziba pengo. Nimeogopa ila nimekubali. Unyayo wangu unakaribia pembe mraba, nimebakiza kidogo, daktari amesema hiyo ni nzuri. Kuna kitu niandae?

#12 Mwalimu wa la Pili

Mungu akutangulie. Mwulize daktari baada ya kuunganishwa goti litakaa limekunjwa siku ngapi na ni lini unaruhusiwa kuvuta kanga tena. Usianze mwenyewe, mshono wa mshipa haupendi kuvutwa. Tafuta raba iliyozidi saizi sasa hivi ukiwa bado unaweza kwenda sokoni. Na nunua futi ya cherehani. Wakishakuambia wameunganisha wapi, pima kutoka pale hadi kidole gumba, uandike namba na tarehe ukutani karibu na kitanda.